Bakuli la Boga Halirudi Tupu

Kuna wiki moja katika mwezi wa kumi ambapo mtaa wa Weston, jijini Toronto, hubadilika rangi kabla watu wake hawajajiandaa. Miti ya kando ya mto Humber huwaka njano, kisha nyekundu, kisha upepo hupita na kila kitu kinakuwa chini, kimelowa, kimeng'ang'ania soli za viatu. Wengi wetu tuliotoka kwenye joto hatuipendi wiki hiyo, maana tunajua inatangulia nini. Généreuse anaipenda. Kwake hiyo ni wiki ya maboga.

Anaishi ghorofa ya tisa ya jengo la zamani, pamoja na mumewe Tharcisse na binti yao Ariane. Mtoto wao wa kwanza, Destin, yuko mbali, mkoa wa Alberta, kikazi, lakini jina lake limebaki nyumbani, kwa maana watu wote kanisani humwita Généreuse Mama Destin. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, mikono inayoonekana kama ameazimwa na mtu mrefu. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee: anawaogesha, anawavisha, anawalisha wasioweza kushika kijiko. Dirisha la jikoni kwake linatazama reli. Kila treni ikipita kuelekea magharibi, vikombe vyake kabatini hugongana kidogo, kama watu wanaosalimiana bila kusimama.

Habari ya maboga ilianza na kosa.

Walipofika Toronto kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, baada ya kuikimbia Uvira na kukaa kambini miaka ambayo Ariane ndiyo aliyoijua kuwa utoto, ilikuwa ni msimu huuhuu. Généreuse alikuwa akitembea kwenda kituo cha basi, akaona boga kwenye ngazi za nyumba ya kwanza. Akaona jingine nyumba ya pili. Nyumba ya tatu yalikuwa matatu, yamepangwa vizuri, makubwa, mekundu kama udongo wa Kasulu, kule karibu na kambi. Hakumuuliza mtu. Alifikiri: watu hawa wamevuna, na sehemu ya mavuno wameiweka nje kwa ajili ya mpita njia. Alisimama akaguswa moyo. Kisha, kwa kuwa mwenye haya hachukui kikubwa katika sadaka ya watu, akachagua dogo kuliko yote kwenye ile nyumba ya maboga matatu, akalitia kwenye khanga, akalibeba mgongoni hadi nyumbani.

Tharcisse alipoliona aliketi chini.

"Mama Destin, umeiba boga la mzungu."

"Sikuiba. Limewekwa nje, mlangoni, saa tatu asubuhi, watu wanapita. Kuna mtu anaweka chakula nje kama hataki kichukuliwe?"

"Na viatu vyao wakiviacha nje utavileta pia?"

"Viatu haviliwi, Baba Destin."

Alilipasua. Nusu alitaka kuipika na maharagwe kama mama yake, lakini alipoonja akakunja uso. Lilikuwa maji matupu, boga lisilo na kumbukumbu ya jua. Hakujua kwamba hapa kuna maboga ya kula na maboga ya kuchonga macho na meno kwa ajili ya watoto. Akaamua kuliokoa. Kambini alikuwa akioka keki kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na watu walitoka kanda nyingine za kambi kuja kununua. Basi akalichemsha lile boga, akalikamua ndani ya kitambaa mpaka mikono ikauma, akalichanganya na mayai, unga na sukari, akaoka. Oveni asiyoizoea ikamuunguzia juu. Ili kuficha palipoungua akatengeneza rojo: sukari kavu kwenye sufuria mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi, kisha tui la kopo na iliki. Akaimwagia keki ingali moto. Ariane, aliyekuwa na miaka kumi, alikula vipande vitatu akalala bila kunawa mikono.

Kipande kikubwa Généreuse alikiweka kwenye sahani yake ya bati ya kambini, akakifunika, akakipeleka kwenye nyumba ya maboga. Kwao mtu akikupa kitu, chombo hakirudi kitupu. Huko kambini, mgao ulipopunguzwa na hakuna aliyekuwa na kitu, sahani ziliendelea kutembea kati ya vibanda zikiwa na nyanya moja, au chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Jirani yake mmoja alikosa hata chumvi, akarudisha sahani ya Généreuse ikiwa na kijiti cha kuni juu yake. Généreuse alikipokea kwa mikono miwili, akapikia.

Mlango ulifunguliwa nusu. Mzee mrefu, mwembamba, suruali imeshikiliwa na mikanda ya mabegani.

"Sinunui kitu," alisema.

"Siuzi." Kiingereza chake kilikuwa cha wiki chache. "Boga lako. Nimerudisha."

Mzee akaitazama sahani. Akatazama ngazi, palipokuwa na maboga matatu na sasa yalikuwa mawili.

"Ni wewe uliyelichukua?"

"Mimi. Asante sana. Lilikuwa na maji mengi, lakini nimejitahidi."

Mzee huyo ni Cliff. Alikuwa fundi wa lifti maisha yake yote, na mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mkewe ndiye aliyekuwa akipanga maboga kwenye ngazi, matatu kila mwaka, na Cliff aliendelea kuyapanga kwa kuwa hakujua namna ya kuacha. Alikuwa amekwisha kumshuku kijana wa nyumba ya pili na kumnunia. Alikula ile keki amesimama mlangoni, kwa vidole, mbele ya mgeni, rojo ikimtiririka kwenye kiganja. Ilipokwisha akajifuta vidole kwenye suruali.

"Nitamsalimia yule kijana kesho," alisema.

Siku chache baadaye aliileta sahani. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ilikuwa tupu. Généreuse aliigeuza huku na huku, akaweka mezani, akajifungia chumbani. Ni Ariane aliyekwenda kumwambia mzee, kwa Kiingereza cha shuleni kilichokuwa kikikua haraka kuliko miguu yake, kwamba mama ameumia kwa sababu sahani imerudi haina kitu ndani. Cliff alichukua sahani akarudi nayo kwake. Jioni ileile alibisha tena hodi. Juu ya bati palikuwa na kopo moja la dagaa.

Mtu wa Ziwa Tanganyika kuletewa dagaa wa kopo! Généreuse alicheka mpaka akashika ukuta. Na kutoka siku hiyo ikawa hivyo.

Sahani ya bati ilipotoboka, Cliff alileta bakuli la kioo la kuokea lililokuwa la mkewe, zito, lenye maua ya buluu ubavuni. Lilitembea kati ya nyumba hizo mbili mwaka mzima. Lilikwenda na sambusa likarudi na stroberi, likaenda na maharagwe likarudi na viazi vya bustani. Lakini safari yake kubwa ilikuwa ya mwezi wa kumi. Cliff alijifunza kununua maboga madogo matamu, akayaweka kwenye ngazi palepale, wala hakuyapeleka ghorofa ya tisa. Généreuse aliyachukua bila kubisha hodi, kama mwizi, kisha akarudi na bakuli la moto. Huo ndio uliokuwa utani wao.

"Boga langu limeibiwa," Cliff angesema akifungua mlango.

"Mtaa huu umeharibika, Mzee."

Généreuse alimwita Cliff Mzee. Cliff alipoambiwa maana yake mara ya kwanza alikunja uso.

"Umeniita mkongwe?"

"Nimekuita mtu wa heshima."

"Kwetu ukimwita mtu mkongwe anakuchapa kwa fimbo yake."

"Basi kwanza uwe na fimbo."

Cliff naye alimwita Jeni, akilikata jina lake kama mtu anavyokata ncha za maharagwe mabichi. Kila mara alimuuliza juu ya lifti ya jengo lao, aliyowahi kuitengeneza enzi zake. "Ile ya kushoto? Usiiamini. Sikuiamini hata mimi." Tharcisse naye alipata cha kusema. Akirudi kutoka ghalani anakofanya kazi, karibu na uwanja wa ndege, akikuta oveni ina joto, huuliza kwanza: "Mume mwenzangu hajambo?"

Mwaka huu ngazi zilikuwa tupu.

Généreuse alipita mara ya kwanza akafikiri bado mapema. Mara ya pili majani yalikuwa yameanguka yote na hakuna aliyeyafagia mlangoni. Mara ya tatu aliona kibao cha kuuza nyumba kwenye nyasi za mbele, akapanda ngazi akabisha.

Alifungua binti yake Cliff, mwanamke wa miaka hamsini hivi, nywele amezifunga kwa kalamu, nyuma yake maboksi. Alimfahamu Généreuse kwa kusikia tu. Akaeleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi: baba alianguka bafuni mwezi wa nane, nyonga imeshikana lakini ngazi haziwezi tena, anampeleka kwake, mji wa Kitchener, wanaondoka Jumamosi. Sasa hivi amelala.

"Bakuli lenu liko kwangu," alisema Généreuse. Halikuwa neno alilokusudia kusema. Ndilo lililotoka.

"Oh, usihangaike. Kaa nalo. Tuna vyombo vingi mno."

Lilisemwa kwa wema kabisa. Généreuse alishuka zile ngazi kama mtu aliyefukuzwa.

Nyumbani aliketi jikoni bila kuvua koti. Ariane alikuwa mezani na vitabu vyake. Anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza.

"Mama, amekupa. Ni zawadi. Mbona unalia?"

"Hajanipa. Amefunga njia."

"Njia gani?"

Généreuse alikuwa anajua jambo ambalo hakutaka kumwambia mtoto. Kazini ameona wazee wanavyoondoka kabla ya kufa. Majirani huahidi: tutakuja. Wanakuwa wakweli wanapoahidi. Kisha unakuja mwezi wa theluji, kisha mwezi wa kazi nyingi, na si kwamba mtu amekataa kwenda, ni kwamba hana cha kumpeleka. Katika nchi hii watu hawabishi hodi bure. Mtu anahitaji kuwa na kitu mkononi cha kumpa ujasiri wa kubonyeza kengele. Kati yake na Cliff hapakuwa na damu, wala kanisa moja, wala lugha moja hasa. Palikuwa na bakuli. Akiambiwa kaa nalo, ameambiwa: usije tena.

"Baba Destin," alimwambia mumewe jioni, "yule mzee akiondoka hivi hivi, amekwisha kufa kwangu, naye yu hai."

Tharcisse hakufanya utani. Alivua viatu vyake taratibu. "Oka," alisema.

Ijumaa, akitoka zamu ya asubuhi, Généreuse alinunua boga kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Aligongagonga mengi kwa kifundo cha kidole mpaka muuzaji akamkazia macho. Alichagua dogo, zito, lenye ngozi isiyong'aa. Jumamosi aliamka akalioka zima na ganda lake mpaka likabonyea lenyewe, akachota nyama yake, akaikamua ndani ya kitambaa cheupe, maji ya rangi ya dhahabu yakachuruzika kwenye sufuria. Akaipiga na mayai na sukari nyekundu, akatia unga kidogo kuliko inavyotakiwa ili iwe laini kwa meno ya mzee, akatia mdalasini na tangawizi. Hakuonja. Huwa haonji keki ya boga kabla haijaiva, anasikiliza. Mchanganyiko ulio tayari, anasema, ukiumwaga husema neno moja tu, zito, na kunyamaza.

Rojo aliitengeneza mwishoni, keki ikiiva ovenini ndani ya bakuli la maua ya buluu. Sukari ikayeyuka, ikawa nyekundu, ikaanza kutoa ule moshi mwembamba unaosema sasa au kamwe. Akarudi nyuma hatua moja na kumwaga tui, sufuria ikafoka kama paka. Iliki. Chumvi ya ncha ya kisu. Rojo aliitia ndani ya chupa ya chai, akaifunga.

"Kwa nini usiimwage hapa?" Ariane aliuliza.

"Rojo hukutana na keki mbele ya mlaji. Vaa viatu, tunakwenda."

Lori la mizigo lilikuwa limekwisha kufika. Cliff alikuwa jikoni kwake, kwenye kiti pekee kilichobaki, mikono juu ya kile chombo cha magurudumu cha kutembelea. Alikuwa amekonda hadi mikanda ya suruali ilionekana ndiyo iliyokuwa ikimshikilia yeye. Alipomwona Généreuse na bakuli lililofungwa kwa kitenge, macho yake yakatafuta mlango, ngazi, kisha yakarudi.

"Mwaka huu sikuweka boga," alisema. "Hukuwa na cha kuiba."

"Nimeiba dukani, Mzee. Mtaa umeharibika kabisa."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na binti yake akatoka chumba cha pili kuangalia. Sahani zote zilikuwa zimefungwa. Vilipatikana vijiko vinne tu vya plastiki. Généreuse akaweka bakuli juu ya boksi mbele ya mzee, akatoboatoboa keki kwa ncha ya kijiko, akafungua chupa. Rojo ikashuka polepole, ikazama, mvuke ukapanda, na jiko lile lililokwisha kuvuliwa kila kitu, hata mapazia, likanukia tena kama mahali ambapo mtu anaishi.

Wakala kutoka kwenye bakuli moja, wote wanne, wamesimama isipokuwa Cliff. Binti alisema atakula kijiko kimoja kwa sababu ya kazi. Akala. Akasimama. Akala tena, na safari hii hakutazama maboksi.

"Mama alikuwa akiokea hapa," alisema, akipitisha kidole kwenye ua la buluu. "Mambo ya tufaha."

"Yalikuwa makavu," alisema Cliff.

"Baba!"

"Nilimpenda sana. Yalikuwa makavu." Akakwangua pembe ya bakuli. "Lifti ya kushoto bado?"

"Jana imemfungia mchungaji wetu ndani."

"Nilisema mimi."

Bakuli likaisha. Binti, ambaye mikono yake haikuweza kukaa bure, alilichukua, akaliosha kwa maji ya moto, akalifuta kwa taulo mpaka kioo kikalia, akamletea Généreuse. "Tafadhali," alisema. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Lichukue. Nataka liwe kwako."

Généreuse hakuinua mikono. Aliiweka nyuma, mikono yake mikubwa, kama mtoto aliyekatazwa kitu. Hakujua aseme nini kwa Kiingereza kisichosikika kama ukaidi. Ariane akafungua mdomo ili aeleze, kama alivyoeleza akiwa na miaka kumi.

"Ngoja," alisema Cliff. "Si hivyo. Ni tupu."

"Ndiyo, nimeliosha."

"Ndiyo maana hawezi kulichukua." Akaanza kunyanyuka, chombo cha magurudumu kikasukumika, binti akamshika kiwiko. "Makopo uliyaweka wapi? Yale ya kuwapa kanisa."

"Baba, boksi lake liko chini ya maboksi mengine matatu. Watu wa lori wanasubiri."

"Wamelipwa kusubiri."

Binti alimtazama baba yake, akamtazama mwanamke mfupi aliyesimama mikono nyuma. Kisha akapiga magoti. Akashusha boksi la kwanza, la pili, la tatu, akauvuta utepe wa gundi kwa meno kwa kuwa mkasi nao ulikuwa umefungwa, akapekua, akapata. Cliff alilipokea kopo la dagaa, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akaliweka katikati ya bakuli. Likagonga kioo, sauti ndogo tu.

Hapo Généreuse akanyoosha mikono yote miwili.

"Sasa ni zamu yako, Jeni," alisema Cliff. "Kitchener si mbali. Treni inapita chini ya dirisha lako, au nimekosea?"

"Hujakosea, Mzee."

Kwa wiki kadhaa bakuli lilikaa juu ya friji na lile kopo ndani yake. Treni zikapita, vikombe vikagongana, na Tharcisse akasema kwamba mke wake ameanza kusikiliza reli kuliko redio. Généreuse alikuwa hajawahi kwenda magharibi kupita Brampton. Aliogopa kupitiliza kituo, aliogopa kuulizwa kitu kwa haraka asielewe, aliogopa hata ukimya wa mabehewa ya hapa. Lakini bakuli la mtu likiwa juu ya friji yako hukutazama. Katikati ya mwezi wa kumi na moja, siku yake ya mapumziko, alinunua boga la mwisho mwisho lililobaki dukani, lenye kovu ubavuni, akaoka asubuhi.

Tharcisse alimsindikiza hadi kituoni, amebeba mfuko wa chupa ya rojo.

"Kwa hiyo unapanda treni kwa ajili ya bakuli la watu."

"La watu, ndiyo. Langu lingekaa."

"Msalimie mume mwenzangu. Mwambie asikuzoee."

Aliketi dirishani, bakuli mapajani, limefungwa kwa taulo na kitenge juu ya taulo. Joto lake lilipenya koti hadi kwenye magoti. Jengo lake likapita, ghorofa ya tisa, dirisha la jikoni, na kwa mara ya kwanza akaliona kutoka chini, jinsi lilivyo dogo. Kisha Brampton, kisha mashamba yaliyovunwa yakawa meusi, na mashimo ya maji yenye ganda jembamba la barafu. Bibi mmoja aliyekaa mbele yake alinusa, akageuka, akauliza ni nini hicho. Généreuse akamweleza kwa Kiingereza chake, bila haraka, kuanzia boga. Walipofika Guelph bado alikuwa anaeleza.

Cliff alifungua mlango mwenyewe, kwa shida, na kwa mara ya kwanza alikuwa na fimbo.

"Sinunui kitu," alisema.

Walikula na binti na wajukuu wawili, na rojo ilikuwa bado ya moto. Jua lilipoanza kuinama na wakati wa treni kukaribia, binti alichukua bakuli, akaliosha, akalifuta. Alisimama nalo akawaza kidogo. Hakumpa mgeni. Alilifungulia kabati, akaliweka kwenye rafu ya mbele, mahali pa vyombo vinavyotumika.

Généreuse alirudi Weston mikono mitupu. Tharcisse alikuwa akimngoja kituoni.

"Bakuli liko wapi?"

"Kwao," alisema, akivaa glovu. "Zamu yao."